Kona ya Kwanza

Wiyoni, Lamu
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mwanangu Jeruto,

Pokea salamu za babako. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia, na hilo limekuwa hivyo tangu ukiwa mtoto, kwa hiyo tusilihesabu. Wewe je, goti lilipona? Unakula chakula, au bado unakunywa uji na kusema umekula?

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hatukuelewana. Wewe ulikuwa unasema mbio, mimi nilikuwa juu ya ukuta wa nyumba ya watu nimekumbatia jiwe. Nilisikia tu kwamba umeitwa daraja la kulipwa, nikasema sawa. Sawa ile haikuwa jibu, mwanangu. Ilikuwa uzito wa jiwe.

Leo kazi imelala, nimekaa. Bi Hadia yuko mlangoni pake anashona kofia yake ileile isiyokwisha. Ameniuliza ninamwandikia nani barua ndefu hivi, nikamwambia. Anakusalimu sana, na anauliza huko Nakuru nani anakusuka nywele.

Sasa nikueleze nilivyofahamu, na nikikosea unirekebishe. Huko kwenye ridhaa unashindana kwa baiskeli na wasichana wasiolipwa, na miaka hii miwili karibu kila mahali umekuwa wa kwanza. Timu inataka kukuajiri mwaka mmoja ushindane na wale ambao hiyo ndiyo kazi yao. Ukishatia sahihi, huwezi kurudi ridhaa hata ukilia. Na usipofika fainali hata mara moja mwaka huu, wanakuacha. Basi utakuwa umetoka huku, na kule hukuingia.

Mimi sikupita darasa la sita, lakini kazi ya kulipwa naijua. Kitu unachokipenda kikianza kulipiwa, kinapata msimamizi. Nakukumbuka ulipokuwa ukivuka kwenda Kililana na wenzako kupanda na kushuka vile vilima vya udongo walivyoacha wajenzi wa barabara. Ulikuwa ukirudi jioni meno yote vumbi, unacheka. Hakuna aliyekuwa amekutuma. Kazi haiko hivyo. Kazi inakuita hata siku ambayo huitaki, na siku hiyo ndiyo wanayokupima.

Ushauri wangu, kaa ridhaa mwaka mmoja zaidi, ukomae. Nimesema. Lakini mwenye miguu ni wewe.

Babako,
Kipchumba


Nakuru
26 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa basi, bahasha imelowa upande mmoja lakini maneno yote yanasomeka. Nafurahi u mzima. Hilo bega ulikande kwa maji moto, na usidhani nimesema tu. Goti langu limepona kabisa. Nakula, Baba. Hapa tunapikiwa, na mpishi hukasirika ukibakisha.

Ulifahamu vyema, sina la kurekebisha. Nikuongezee moja tu. Kule ridhaa kilima cha kuanzia ni kama ghorofa moja. Cha wanaolipwa ni kama ghorofa mbili na zaidi, kama ile nyumba ya Mkomani uliyofanyia kazi nikiwa darasa la nne, ambayo ukiniita toka juu nilikuwa naogopa kuinua kichwa. Mnasimama wanane mbele ya geti. Geti likianguka mnashuka pamoja, mnafika kona ya kwanza pamoja. Ridhaa geti likianguka huwa natangulia, na wenzangu wote wako nyuma. Baba, kwa miaka miwili hii nimewasikia tu. Sura zao sizijui, maana sijawahi kuwa ubavuni mwao. Nataka kujua mimi ni nani nikiwa na watu ubavuni.

Kwa hiyo nimetia sahihi. Usidhani sikukusikia. Nimekusikia, na nimetia sahihi.

Na kuna jambo sijawahi kukwambia kwa mdomo. Mama alipokufa nilikuwa na miaka saba, na wote kule Baringo walikwambia mtoto wa kike halelewi kwenye kazi ya mawe, uniache kwa shangazi. Ukanibeba mpaka Lamu, watu hatuwajui, dini si yetu, na ukamwomba Bi Hadia anitazame mchana. Sasa najua ulikuwa na umri gani wakati ule, na jinsi mtu wa umri huo anavyochoka. Asante, Baba. Nimetanguliza asante ili mambo yakiharibika huko mbele, hii iwe imeshasemwa.

Mwanao,
Jeruto


Wiyoni, Lamu
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mwanangu Jeruto,

Salamu, na natumaini baridi ya huko haijakuuma. Hapa joto, hata ukuta unatoka jasho.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili nikacheka, kwa sababu ile "nimekusikia, na nimetia sahihi" ni mamako mtupu. Alinijibu hivyohivyo siku aliyokubali kuolewa na mimi, babake akiwa amemkataza. Mara ya tatu nilisoma yale ya mwisho tu. Nimeyapokea.

Basi nenda, na Mungu akutangulie. Bakr, huyu mwenye punda tunaobebea mawe, ametangaza kwamba kocha wako wa kwanza ni yeye, maana kukaa juu ya kitu kinachokukataa ulijifunza kwa punda wake. Nikamkumbusha kwamba punda wake alikuangusha mbele ya msikiti, watu wakitoka sala ya Ijumaa. Akasema ndiyo, hilo ndilo lilikuwa somo.

Bi Hadia anakuombea. Ramadhani inakaribia, na amesema dua za funga hazirudi mikono mitupu.

Niandikie.

Babako,
Kipchumba


Wiyoni, Lamu
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

U hali gani? Mimi ni mzima, kazi ipo.

Februari nilikuandikia, Machi nikakuandikia, na hii ni ya tatu bila jibu. Nikikupigia unasema uko salama halafu simu inakatika. Salama yako imekuwa fupi sana. Idi imekuja ikapita, Bi Hadia amekuwekea visheti mpaka vimekuwa vigumu, tumevila sisi kwa kuvichovya chaini.

Umeumia? Wamekufukuza? Una mtu na unaogopa kuniambia? Lolote nitalibeba, nimezoea kubeba. Lisilobebeka ni kutojua ninachobeba.

Babako,
Kipchumba


Nakuru
15 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Sijaumia, sijafukuzwa, na mtu sina. Barua zako zote tatu ninazo chini ya mto. Nilikuwa nikichukua kalamu, naandika "Shikamoo Baba", kisha naona kinachofuata lazima kiwe kwamba ulikuwa sahihi, naiweka chini.

Nashindwa, Baba. Mashindano ya ligi ni matano kwa mwaka, matatu yamekwisha, na sijavuka mchujo wa kwanza hata mara moja. Ukiniona geti likianguka utafurahi. Nashuka kile kilima nikiwa mbele, au wa pili. Kisha tunafika kona ya kwanza, na nikitoka pale mimi ni wa saba. Kila mara. Kuna mmoja wa timu nyingine anaitwa Cherono, yuko kwenye daraja hili miaka mingi, ananijia upande wa ndani kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Akifika ubavuni mwangu, baiskeli yangu yenyewe inasogea.

Kocha anasema ni woga. Hasemi kwa ubaya, ni mtu mwema, amekaa na mimi jioni nyingi kunitafutia dawa. Lakini woga naujua, Baba. Nilikuwa nao juu ya kile kilima wiki ya kwanza, na umekwisha. Kwenye kona moyo wangu unakuwa umetulia kabisa. Natulia, nasogea, wanapita. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba sioni chochote cha kupigana nacho.

Yamebaki mashindano mawili. Nisipofika fainali, Desemba nakuja nyumbani, na baiskeli nitakuwa sina pa kushindania. Nimetuma video kwa simu ya Bakr ili muione. Ukitaka usiione pia ni sawa.

Nashukuru kwamba hukuacha kuniandikia.

Mwanao,
Jeruto


Wiyoni, Lamu
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mwanangu Jeruto,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na tangu barua yako ifike nalala vizuri, hata kama habari si nzuri. Habari mbaya ina mwisho wake. Kimya hakina.

Video tumeiona. Sikiliza nikuhadithie ilivyokuwa, kwa sababu kuna jambo.

Tulikaa barazani kwa Bi Hadia, mimi na yeye na Bakr aliyeshika simu. Kwanza sikujua wewe ni yupi, nyote mna kofia kama vyungu. Bakr akanionyesha, yule wa njano. Geti likaanguka. Mwanangu, nilisimama. Sikujua mtu anaweza kushuka hivyo na akabaki juu ya kiti. Kisha kona, kisha wakapita, kisha ikaisha, nasi tukabaki tukitazama sakafu kama watu waliokuja kutoa pole. Bakr akaanza kuzungumza habari za bei ya majani ya punda.

Bi Hadia akasema irudishwe. Akaitazama ameisogeza karibu na uso, na ilipofika kwenye kona akaniuliza:

"Mbona yuwapisha? Wale ni punda wa mawe?"

Bakr alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Mimi sikucheka. Niliomba irudishwe tena, na nikaona. Jeruto, yule si mtu anayeogopa. Yule ni wewe unapita kichochoro cha nyuma ya sokoni na punda wa Bakr anakuja na shogi mbili zimejaa mawe. Unavuta bega la ndani, unajibana ukutani, na uso unaugeuza upande ili kapu lisikukwaruze shavu. Uso pia, mwanangu. Umeugeuza uso na umevaa kofia ya chuma.

Hapa mtoto hufundishwa hilo kabla ya kuandika jina lake. Ndia ya kupita ni nyembamba, haitoshi wawili, basi mwenye mikono mitupu humpisha aliyebeba. Wewe ulilijifunza mapema kuliko watoto wa hapa, kwa sababu ulikuwa mgeni na mimi nilikuwa naogopa waseme mtoto wa mtu wa bara hana adabu. Nilikuwa nikikushika bega nikikubana ukutani mpaka ukawa unajibana peke yako. Sasa unashindana kwa baiskeli na bado nimekushika bega.

Nikaona uzito. Nikamuuliza Bi Hadia, sasa nimwandikieje mtoto? Nimwambie awe hana adabu? Nilimlea hivi kwa shida. Akachomoa sindano yake, akaivuta, hakunitazama.

"Mwenye kubeba ndiye apishwao," akasema. "Muulize mwanao, kwani yeye hakubeba?"

Kisha akainuka kwenda kutazama wali wake.

Nimefikiri wiki nzima nikipandisha mawe. Ulipokuwa ridhaa mikono yako ilikuwa mitupu, ulikuwa unacheza. Sasa unafanya kazi, kama Bakr, kama mimi, kama punda. Umebeba mwaka wako wote. Mtu aliyebeba hajibani ukutani. Anasema simile na anapita, na hakuna anayemwona mjeuri. Yule Cherono amelijua hilo zamani.

Kocha wako usimwone hajui. Hajapita vichochoro vya huku, angepita angejua. Na kukushusha kile kilima hivyo ni yeye, si sisi. Mpe salamu zangu na umshukuru.

Babako,
Kipchumba


Nakuru
16 Novemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mpe Bi Hadia mkono wangu aushike kwanza kabla hujasoma zaidi.

Barua yako nilimsomea kocha. Aliisikiliza yote, kisha akaniuliza shogi ni nini. Nikamchorea. Kesho yake alinipanga kwenye kona na wavulana wa timu wanijie ubavuni, asubuhi baada ya asubuhi, na kila nikigeuza uso anapiga filimbi. Mwili ni mbishi, Baba. Ulifanya kazi yako vizuri mno.

Mashindano ya nne niliharibu kwa upande mwingine. Kona ikaja, nikasema simile ndani ya kofia, nikamwingia msichana wa Kampala kwa bega lote, akaanguka. Refa akanitoa, na ilikuwa haki. Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa amekaa chini anatoa mchanga kwenye buti, akanitazama akasema wewe si ndiye yule mpole? Usiku ule nililia, si kwa ajili ya kutolewa. Nilikuwa nimejua kupisha na nimejua kusukuma, na sikujua kupita.

Likabaki moja. Nilivuka mchujo wa kwanza nikiwa wa tatu. Mara ya kwanza mwaka mzima. Nusu fainali wanavuka wanne, na kwenye geti Cherono alikuwa upande wangu wa kushoto. Tukashuka. Kona ilipokuja alikuja kama kawaida yake, akitafuta mlango. Nilimwona kwa sababu uso haukugeuka. Sikumsukuma, Baba. Nilibaki tu nilipokuwa. Viwiko vikagusana, nikasikia chuma kinalia, na kwa kitambo hivi sisi sote wawili tulikuwa tumeshika ndia moja isiyotosha wawili. Kisha akapunguza. Yeye ndiye aliyepunguza. Nikatoka kwenye kona nikiwa wa tatu, nikamaliza wa nne. Nikaingia fainali.

Kwenye fainali nilikuwa wa sita kati ya wanane. Walikuwa na kasi kuliko mimi, basi. Hakuna niliyempisha.

Baada yake nilimfuata Cherono kumpa pole, maana mimi ndiye niliyemnyima fainali. Alikuwa anakunywa maji. Akasema:

"Pole ya nini? Mwaka mzima nakupita bure, nikawa naona aibu. Karibu."

Timu imenipa mwaka mwingine. Kocha alinipigia mwenyewe, hakutuma mtu.

Sasa nikwambie la mwisho, ambalo nimekuwekea wewe tu. Jumatatu baada ya fainali niliamka na mwili ukakataa. Si maumivu, ulikataa tu, kama punda anayekaa katikati ya njia. Nilitaka kumwambia mtu kwamba nimeshapata nilichotaka, naomba niachwe. Filimbi ikalia, nikainuka, nikaenda. Nikiwa njiani nikakuona wewe, miaka yote ile, ukitoka alfajiri na mfuko wako wa mkate, na mimi nikiwa kitandani nadhani baba yangu huwa anapenda kuamka mapema.

Asante, Baba. Nilishasema mara moja, lakini wakati ule nilikuwa sijui ninachoshukuru.

Mwanao,
Jeruto


Wiyoni, Lamu
Ijumaa, 28 Novemba 2025

Mwanangu Jeruto,

Salamu. Mimi ni mzima, na leo hata bega ni zima.

Sita ni sita. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa nane, kwa hiyo umenipa mbili za ziada. Bakr amemwambia kila mtu toka kwetu mpaka sokoni kwamba umekuwa wa kwanza. Watu watatu nikawasahihisha, wa nne nikamwacha. Bi Hadia alinitaka nimsomee mara mbili, na lililomgusa si fainali. Alitaka kujua huyo Cherono ni binti wa nani na kama mamake yu hai, maana mtoto akijibu hivyo amelelewa. Amesema umpe salamu zake, na akija Lamu asilale hotelini.

Januari nilikwambia ubaki. Umefanya vyema kutonisikiliza, ila isiwe tabia.

Na wewe umenishukuru. Nami nakushukuru, nikueleze kwa nini. Nimefanya kazi hii miaka mingi na watu wema, lakini jioni nikirudi sikuwa na wa kumweleza mchana ulivyokuwa. Ungemweleza nini mtoto? Kwamba mawe yalikuwa mazito? Sasa nimesoma habari ya Jumatatu yako, ile ya mwili kukataa, na nikasema ndani ya nafsi yangu, huyu anajua. Itakuja tena, mwanangu, Jumatatu nyingine. Usiipige vita. Inuka polepole, kunywa kitu cha moto, anza na kazi ndogo. Ikikuta umeshaanza, huondoka. Na ukiumia kweli useme, usimfurahishe msimamizi kwa mfupa wako.

Basi karibu kazini.

Nina ombi moja. Hapa kazi hulala Ijumaa, lakini msimamizi wetu akiombwa vizuri hubadilisha siku. Wewe wanakupumzisha siku gani? Niambie. Nataka yangu iwe hiyohiyo, ili nikinyoosha miguu hapa barazani nijue na huko kuna mtu amenyoosha yake.

Babako,
Kipchumba